Siku Kumbikumbi Walipotoka Wakitembea

Mwezi uliopita nilitoka Arua kwenda Koboko kwenye arusi ya binti wa shangazi yangu, na kesho yake nikaomba nipelekwe Lurujo, nikaone kiwanja tulichokulia. Sikukitambua. Palipokuwa na nyumba za nyasi za nyanya yetu, mama wa baba, pamepandwa mikaratusi, mistari imenyooka kama askari kwenye gwaride, na chini yake haioti hata mboga ya kuchuma. Nilitafuta kichuguu chetu kwa macho, kisha kwa miguu. Nilipokipata kilikuwa nundu ya udongo isiyofika magotini. Ni mtu mzima, nina watoto wangu, lakini nilirudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

Ngoja nikueleze, maana kama hukukulia upande ule huenda ukashangaa mtu anaogopaje udongo.

Kwetu kichuguu kilikuwa mali. Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na watu waliwahi kugombana mpaka mbele ya wazee kwa sababu ya kichuguu kimoja. Chetu kilikuwa cha nyanya, aliyeachiwa na mama mkwe wake, na kilimzidi urefu hata baba, mwanajeshi wa zamani. Mvua za kwanza zikishapiga, jua likarudi mchana na ardhi ikaanza kufuka, nyanya alinusa hewa akasema leo watatoka. Tulikifunika kwa matawi na blanketi kuukuu la jeshi la baba, tukaacha tundu moja lililoelekea kwenye shimo tulilolisiriba udongo laini. Halafu tulipiga gogo kwa vijiti, taratibu, bila kuchoka, mpaka kumbikumbi wadhani ni mvua. Walitoka kwa wingi, wakimiminika shimoni, na sisi tuliwala wabichi palepale, mabawa yakitunata midomoni. Waliobaki walikaangwa, wakatwangwa na chumvi, wakaliwa kwa ugali wa mihogo na mtama. Nikisema siku hizo tulikuwa matajiri, niamini.

Tumbaku ilikuja tukiwa bado wadogo. Kampuni ilileta miche, mbolea na dawa, na bwana shamba wake alipita kila mara kwa pikipiki kukagua. Miti ikaanza kukatwa, kwanza ya mbali, halafu ya karibu, kulisha moto wa mabanda ya kukaushia majani. Sisi watoto tulichuma majani asubuhi yakiwa na umande, na ikifika mchana tulitapika, vichwa vinazunguka. Wakubwa walisema tutazoea.

Mchwa nao, walipokosa miti mikavu, wakahamia kwenye miche na kwenye nguzo za banda. Bwana shamba akaleta mkebe wa dawa, akamwambia baba aimwage vichuguuni. Nyanya alikataa. Sisi nyumbani tulisema Kikakwa, lakini siku ile alisema Kiswahili, kile alichojifunza kwenye kambi za jeshi alipokuwa akimfuata babu, ili mgeni naye asikie.

"Kichuguu iko kama ng'ombe," alisema. "Mutu hapana chinja ng'ombe yake juu imekula mboga."

Bwana shamba alicheka kidogo, akaacha mkebe mlangoni kwa baba.

Msimu uliofuata nyanya alivuka mpaka kwenda Kongo kwenye kilio cha dada yake. Aliporudi mvua zilikuwa zimeanza, na mchana mmoja akanusa hewa kama kawaida. Baba alikuwa mbali, bandani, akichochea moto. Tulifunika kichuguu, tukapiga gogo. Tulipiga sana. Mikono ilianza kuuma na hakuna kilichotoka, mpaka mdogo wetu, kitinda mimba, akapiga kelele za furaha kwamba amewaona.

Walitoka wakitembea. Hawakuruka, hawakukimbilia shimo. Mabawa yalikuwa yamewagandia mgongoni, wakazunguka mahali pamoja, wengine wakalala chali wakirusha miguu. Nyanya aliweka kijiti chini. Alituambia tuache, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kuku wa jirani walikuwa wameshafika na wanadonoa, na mmoja akaanza kurudi kinyumenyume, shingo imepinda, akaanguka. Nilipogeuka nikamwona mdogo wetu anatafuna.

Ndipo baba akatokea bandani, kelele zikiwa zimemfikia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alitembea kijeshi hata mvua ikimkuta njiani. Siku ile alikimbia na jasho la moshi usoni, akalitupa blanketi mbali.

"Nani alikula?" aliuliza kwa Kiswahili cha jeshini. "Nasema, nani alikula?"

Nyanya alikuwa ameshaingiza kidole kinywani mwa mtoto. Baba akapiga magoti mbele yake.

"Mama, mimi alitia dawa. Ile siku ulikuwa kwa kilio."

Nyanya hakumtazama. "Leta baisikeli," alisema.

Mtoto alikuwa ameanza kutoa udenda mwingi, macho yanatiririka, miguu imelegea. Nyanya alipanda nyuma akamkumbatia, baba akakanyaga pedali, nami nikakimbia nyuma yao njia nzima hadi zahanati. Baba alikuwa amefunga ule mkebe kwenye shati lake. Muuguzi aliusoma, akaacha kuzungumza nasi, akaanza kuita wenzake. Nilikaa nimeshika mguu wa mdogo wangu wakati wanamdunga sindano, na mguu ulikuwa ukirukaruka mkononi mwangu kama mkia wa mjusi uliokatika. Nilidhani nikiuachia atakufa. Sikuuachia mpaka ukatulia, nikaogopa zaidi kwa kuwa umetulia, hadi muuguzi aliponigusa bega akasema amelala tu.

Alipona. Leo ana duka la nguo Koboko na hakumbuki chochote. Sisi wengine ndio tuliobaki na hofu ile. Baba hakulima tena tumbaku, lakini majirani waliendelea, na kijito chetu kilipita mashambani mwao kabla ya kutufikia. Uyoga ulipoota baada ya mvua hatukujua udongo wake umemwagiwa nini. Nyuki walikufa, na hatukuuliza kwa nini.

Tangu siku ile nyanya alionja kila kitu kwanza. Mboga za porini, samaki wa kijitoni, hata yai la kuku aliyezoea kuzurura. Alikula kidogo, akaweka sahani chini, nasi tukakaa kwenye mkeka, mikono magotini, tukimtazama. Tulitazama midomo yake, kisha vidole, kama vinatetemeka. Chakula kilipoa, hakuna aliyelalamika. Akishaona muda umetosha alisema kwa upole, "Kuleni, wanangu," nasi tukala, huku tukiendelea kumtazama.

Watu husema tulichopoteza kule ni miti na kumbikumbi. Ni kweli. Lakini mimi ninachokikosa ni kuokota kitu chini na kukitia kinywani bila kuwaza. Nyanya alifariki kwa uzee, tukamzika Lurujo. Tangu hapo tunakula, na hakuna anayeonja kwanza.