Karatasi Arobaini za Radhiya

Radhiya binti Suhail alikuja kwenye uwanja wangu wa kuuzia magari, Chake Chake, kuniomba takataka. Hivyo ndivyo nilivyoziita zile karatasi mpaka siku hiyo. Kila gari kuukuu ninayoagiza kutoka Japani huja na karatasi yake ya mnada: gari imechorwa kwa mistari, na pembeni kuna maneno ya mkaguzi, kayaandika kwa mkono, mbiombio, kama mtu anayefukuzwa. Nilikuwa nikizitia kwenye mfuko wa saruji nyuma ya ofisi. Lakini kitu ambacho mtu ametoka Mtambile kuja kukiomba si takataka tena. Nikamwambia akae.

"Za nini?"

"Za masomo, Ami. Nasoma Kijapani chuo kikuu, bara. Nimo mwaka wa mwisho, nimebakisha utafiti tu."

"Kijapani! Na Kiarabu anachosomesha babako umekimaliza?"

"Cha baba wanakisoma wengi. Hiki nikikosea, Pemba nzima hakuna wa kunisahihisha."

Kwa jibu hilo nilijua sishughuliki na mtoto. Akanieleza. Darasani walianza kumi na mmoja, na kufika masomo ya juu wakabaki watatu. Vitabu vilivyochapwa alikuwa anavisoma. Kilichomshinda ni mwandiko wa watu walio kazini, herufi yenye mistari kumi na tano mtu anaiandika kwa miwili. Mwalimu wake alitaka utafiti wa mwisho juu ya karatasi arobaini za namna hiyo, na barua ya ruhusa ya mwenye karatasi, kabla likizo haijaisha. Akipeleka, anapewa shahada mwezi unaofuata; asipopeleka, anarudia mwaka.

Basi yeye ana haraka na mimi sina. Nikamtajia masharti: kila asubuhi aje anisomee karatasi zangu, na likizo ikiisha ndipo nitie saini barua. Akataka barua kwanza.

"Basi Ami nitilie nusu ya saini."

"Saini haina nusu."

Akacheka, akakubali.

Alikuwa mtu wa kazi. Neno likimshinda, huliandika pajani kwa kidole, pole pole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, mpaka aone mkono wa yule mkaguzi ulipitia wapi. Neno moja liliweza kumshika tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Fundi wangu, Usama, alikuwa hamwachi kwa mzaha.

"Dada Radhiya, huyo Mjapani kaandika au kajikuna?"

"Kajikuna, lakini kwa utaratibu."

Mimi nilimwona na faida ya pili. Mteja akija, nilimketisha Radhiya kiti cha pembeni yangu na karatasi mkononi. Nikisema, "Huyu anasoma Kijapani kama weye unavyosoma Yasini." Watu walitua moyo, na bei ikapita bila ya kelele. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Wiki ya tano ilishuka gari nyeupe, ndefu, ya kubebea watu. Radhiya alisoma mistari mitatu akaiweka karatasi chini. Akamwomba Usama afunue zulia. Chini yake tope laini lilikuwa limekauka mpaka kwenye vyuma vya viti.

"Mkaguzi anasema ilizama, Ami. Maji yalipita viti. Anasema nyaya zake zisiaminiwe."

"Umenisomea mimi," nikamwambia. "Basi yaishie kwangu."

Akachukua karatasi nyengine. Kimya cha kijana mbele ya mkubwa wake nilikihesabu kuwa ni kukubali.

Walioitaka gari ile walikuwa watu wa msikiti mmoja wa Mgogoni. Walichanga wapate gari ya kupelekea wagonjwa hospitali na kuchukulia maiti. Aliyewaongoza ni Mzee Matano. Usama alikuwa ameiosha, ameianika milango wazi siku tatu, ametia na manukato. Tulivutana bei vizuri tukakutana. Ilibaki kupeana mikono. Mzee Matano akaurudisha mkono wake nyuma, akafanya kama wafanyavyo wazee wa huku kabla mali haijahama: kuuliza kasoro yake.

"Bwana Hamdan, mbele ya hawa mashahidi. Aibu yake nini? Itaje tuipokee nayo."

"Gari hiyo hapo, Mzee. Macho mnayo."

Akamgeukia Usama. Usama akaitazama spana yake. "Miye wa bolti tu, Mzee."

"Na weye mwanangu, mwenye hayo maandishi?"

Radhiya alinitazama. Barua yake ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu, imeshaandikwa, bado saini. Nikawahi, "Huyo mwanafunzi, Mzee, bado anajifunza."

"Si ndiye wa Yasini?" akauliza Mzee Matano.

Radhiya akasimama. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma kwanza kwa Kijapani, kisha kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, bila ya kuongeza wala kupunguza. "Neno la mwisho sina hakika nalo," akamaliza. "Ama kutu, ama uvundo."

Hakuna aliyecheka. Mzee Matano akamwambia, "Mungu akulipe," yeye, si mimi, wakaondoka.

"Hukujua unapoteza nini?" nikamuuliza.

"Nilijua, Ami. Nimeulizwa mbele ya mashahidi. Ningejibu nini?"

Nikamnyang'anya karatasi zote na barua nikaichana. Sharti lilikuwa anisomee mimi, na alilivunja yeye. Alirudi chuoni na karatasi kumi na tatu alizozinakili kwa mkono. Zikakataliwa, akaambiwa arudie mwaka.

Kwangu hakuja mtu kunitukana. Walikuja, wakazunguka gari, wakauliza, "Yule binti yuko wapi?" Nikisema kaenda bara, wanaaga kwa adabu. Katika miezi minne niliuza gari mbili. Ile nyeupe Usama aliifungua ikaenda vipande vipande.

Nikauchukua mfuko wa saruji nikaenda Mtambile. Nilikwenda siku ambayo ningemkuta Radhiya, maana baba yake alikuwa amekufa siku kumi na moja kabla, naye amerudi kwa msiba. Maziko nilikuwa sikuyahudhuria. Nikatoa pole. Mama yake, Bi Hind, akasema nyuma ya pazia, si kwa mtu yeyote, "Kila siku marehemu akiuliza mwanawe anamaliza lini. Tukimwambia mwakani."

Nikaufungua mfuko. Nikatoa karatasi. Radhiya akazihesabu, zikapita arobaini.

"Saini leo, Ami. Na nikisoma, namsomea mnunuzi, weye umesimama hapo."

"Isipokuwa kasoro ndogo ndogo."

"Zote."

Nikaandika barua nyengine, nikaitia saini juu ya goti langu.

Likizo iliyofuata alinisomea, na uwanja haukupata kujaa vile. Watu wa Mgogoni walirudi wakachukua gari nyengine, baada ya kusomewa aibu zake mbili. Mwaka ule wa kurudia ulipokwisha alipewa shahada, mama yake peke yake akiwa ukumbini. Sasa yuko Japani anaendelea na masomo. Namtumia picha za karatasi kwa simu, hujibu apatapo nafasi, na mara nyingi hapati. Wateja wanaitaka sauti yake, nami sina wa kumweka pale. Mwaka wake mmoja niliuona mdogo nilipoichana ile barua. Nimeuza na kununua tangu ujana, na sijui kwa Mzee Suhail, aliyekufa akiungoja, ningetoa kitu gani kuulipa.