Risala ya Kumuaga Mchungaji Aliyebaki

Namshukuru Mungu kwa wachungaji wote alionipa, hata yule aliyetuhubiria Kitale miaka ile ya elfu mbili na kitu. Kwake nilijifunza uvumilivu. Alipopanda mimbarani, ng'ombe wetu walikuwa wamekamuliwa. Aliposema "kwa kumalizia", walikuwa wanalia tena zizini.

Kwa mahubiri nisingemlaumu. Kilichoniuma ni mke wangu. Alikuwa kitandani tangu wakati wa kupalilia mahindi, na alitamani jambo moja tu: mchungaji aje nyumbani ampe meza ya Bwana. Mchungaji aliahidi kila Jumapili. Lakini njia ya kwetu ilikuwa na matope, na viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kung'aa. Kazi ya Bwana isingeweza kuvihatarisha.

Basi iliposikika kwamba anahamishiwa Bungoma, na kwamba wa Bungoma, anayezungukia wagonjwa kwa baiskeli, ataletwa kwetu, tulimtukuza Mungu kimya kimya, kwa heshima. Askofu angekuja mwenyewe kumuaga. Askofu akija lazima asomewe risala, na risala kwetu lazima iwe ya Kiingereza, kwa sababu Kiswahili kila mtu angekielewa.

Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzee mwenzangu wa kanisa. Kwenye kikao alitusomea kwamba waumini wa Kitale ni "ecstatic" juu ya mchungaji wao, hasa kwa jinsi anavyowatembelea wagonjwa.

"Mwalimu, hilo neno ni la nini?" akauliza mwenyekiti wa akina mama.

"Ni mtu kufurahi mpaka akatoka nafsini mwake, mama."

"Na ni nani huyo ametoka?"

"Neno limetumika sawasawa. Angalia kamusi."

"Kamusi iko sawa, bana. Mimi nauliza watu. Na huyo mgonjwa ati alitembelewa, si utuambie anakaa wapi, tukamsalimie?"

Watu wakacheka. Nikashauri tuandike tu kwamba tunamshukuru. Mwalimu akanitazama kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Anayeondoka husifiwa, akasema, sifa hazimpunguzii mtu kitu. Tukakubali. Ndiyo desturi yetu: mtu hupata sifa zake akifa, au akihama.

Siku yenyewe askofu alisikiliza risala mpaka mwisho, akavua miwani, akapangusa macho.

"Ndugu zangu, nimezunguka makanisa mengi. Sijaona watu wanaompenda mchungaji hivi. Mimi ni nani nitenganishe baba na watoto wake? Atabaki."

Mmoja akapiga makofi, nasi tukafuata. Watu waliokwisha kuandika kwamba wametoka nafsini mwao kwa furaha hawawezi kununa mbele ya askofu. Mwenyekiti wa akina mama akaniinamia sikioni. "Sasa mzee, umetoka nafsini?"

Nilikuwa nimetoka kweli.

Nilipomweleza mke wangu, aligeukia ukutani. "Basi yule wa baiskeli haji," akasema.

Jumanne baada ya mvua, mchungaji alisimama mlangoni kwetu, amevaa gambuti za kuazima, risala mkononi. Alisema ameisoma mara nyingi, na kwamba hakujua kama watu wameona anavyowajali wagonjwa. Hakuwa anatania. Aliamini kila neno, na mtu aliyeandikiwa hivyo mbele ya askofu angekaaje nyumbani?

Alimpa mke wangu mkate na kikombe, kisha akaomba. Aliombea Kitale, akaombea Bungoma, mvua, serikali na barabara zake. Alipofika kwenye mataifa ya mbali, mke wangu alikuwa amelala, usingizi mzito uliomkimbia wiki nyingi.

Mchungaji akafumbua macho, akanong'ona, "Amefurahi, mzee?"

"Sana," nikamwambia. "Kwa Kiingereza utamuuliza mwalimu."

Nikamsindikiza hadi langoni, nimemshika mkono asiteleze.