Kichwa Nilichokisuka Mimi

Mimi ni msusi, na sioni haya kusema ni msusi mzuri. Nilikuja Guangzhou, Uchina, kufuata nguo za soko la Shisanhang kama wenzangu wa Dar, biashara ikanishinda, mikono ikaniokoa. Nina kiti kimoja katika chumba kimoja pale mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya saba, na kwenye kiti hicho huketi mwanamke mchezaji wa mpira wa kulipwa kutoka Meksiko. Asiyeamini aje aone alama za njumu zake mlangoni.

Aliletwa na nywele. Zilikuwa zikimwingia machoni akikimbia, akaelekezwa kwangu nimsuke twende kilioni. Tangu hapo hachezi mechi bila kupita kwangu. Yeye ana Kichina cha uwanjani, mimi cha sokoni, tukaelewana. Akaniita laoban, yaani bosi, kama kila mtu anavyomwita kila mtu huku. Chini ya chanuo langu ndipo nilipozijua habari zake: alivyocheza na kaka zake huku mama yake akimfichia viatu, alivyouza matairi hadi umri wa miaka ishirini na mbili, maana kwao ligi ya kulipwa ya wanawake ilikuwa bado haijaanza, ilipoanza tu akaingia, akafunga mabao mpaka Wachina wakamwita.

Halafu mshipa wa goti ukakatika. Miezi tisa hakucheza. Kocha akamwambia mkataba unaisha: mechi ya mwisho ya nyumbani atamwingiza dakika za mwishoni, goti likishika anabaki, lisiposhika aende kwao salama. Na ana miaka thelathini na mbili. Nani angemchukua tena?

Jamani, mimi na kiherehere changu! Nikaona siku hiyo nimpambe. Kila ncha ya msuko nikafunga shanga tatu, kijani, nyeupe, nyekundu, rangi za bendera ya kwao. Akajitazama kwenye kioo, akanikumbatia. Kulikuwa na baridi, akavaa kofia ya koti kichwani na kwenda zake uwanjani, nami nikamfuata.

Dakika ya sabini na tano akaitwa. Akavua koti. Mwamuzi wa pembeni akamkagua njumu, akamkagua kucha, akafika kichwani, akakataa. Haingii mtu na shanga, zitaumiza wenzake. Kocha akaangalia saa, akamwita mchezaji mwingine ajiandae.

Toba! Kosa langu, na anayelipia ni yeye. Nikaruka kizuizi na baibui langu, mlinzi ananivuta, nami napiga kelele kwa Kichina changu cha sokoni, "Laoban, dakika moja tu, bei ya mwisho!" Kocha akacheka bila kupenda, akaashiria niachiwe. Mkasi sina, walininyang'anya getini. Nikafungua kwa meno. Mafundo yangu hayafunguki ovyo, na siku hiyo niliyalaani. Misuko kumi na minne, nakata nyuzi, shanga zinaniingia mdomoni, na yeye amechutama, mkono umeshika goti.

Akaingia. Kona ikapigwa, akaruka juu ya wote. Mpira sikuutazama, haki ya Mungu, nilitazama goti. Akatua kwa mguu ule ule ulioumia. Ukamshika, akasimama wima. Uwanja ukalipuka, ndipo nikajua kafunga, tena kwa kichwa, kichwa nilichokisuka mimi! Nikataka kupiga vigelegele, kumbe ushanga mmoja bado uko shavuni. Nikautema, nikavipiga mpaka wazee wa Kichina waliokaa mbele wakaziba masikio. Sijawahi kujivuna namna ile maishani mwangu.

Jumatatu akapanda ngazi za ghorofa zote saba kwa miguu, makusudi, mkononi ana mkataba mpya wa misimu miwili. Akaketi kitini pake, akataka nimrudishie shanga zake.

"Nitakuvika siku ukistaafu," nikamwambia, nikashika chanuo.