Barafu Haimo Kwenye Mwongozo

Wiki iliyopita nilikwenda shule moja ya msingi hapa Kariakoo kufuatilia uhamisho wa mpwa wangu. Nikisubiri kando ya dirisha la darasa la tano, nikamsikia mwalimu akiuliza, "Kwa nini samaki huoza?"

Binti mmoja akasimama. "Barafu ikiyeyuka, mwalimu. Mama yangu anauza samaki soko la Feri."

"Nimekuuliza habari za mama yako? Jibu ni bakteria. Kaa chini!"

Darasa zima likacheka. Binti akajifunika uso kwa daftari.

Mwalimu alipotoka nikamfuata. "Mwalimu, si ungewauliza wenzake barafu inawafanya nini hao bakteria? Wangejadiliana mpaka kengele ilie."

Akafuta chaki mikononi, akanitazama kuanzia viatuni. "Kaka, barafu haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia."

Nikarudi dirishani, nikamwita yule binti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ulitaka kusema nini pale?"

"Kwenye barafu bakteria wanakuwa wavivu. Nilikuwa sijamaliza."

Halafu tunalalamika kwamba watoto wetu hawajui kujieleza. Wanajua sana, ni sisi tunaowakalisha chini.