Chumvi iliyolala ndani ya boma la vita, na wifi yangu aliyekuwa arudishwe kwao

Wakuu, nawasalimu wote, wa rika langu na nyie wajukuu mnaotoa shikamoo kwa kidole.

Juzi mwenzetu mmoja kaweka picha za lile gofu la ufukweni, ukitoka Mapinga kwenda Bagamoyo, akauliza ni nyumba ya nani. Nimesoma majibu yenu mpaka miwani ikaniuma. Mmoja kasema kaburi la Mreno. Mwingine kasema chini kuna dhahabu.

Basi tulieni. Mimi nimezaliwa pale, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu haya, sikuhadithiwa.

Lile ni boma la vita, vita ya kwanza ya Mjerumani na Mwingereza. Kuta nene za mawe na chokaa, na matundu membamba yanayotazama baharini, ya kutolea mitutu. Miaka ya sitini, mimi nikiwa mwari, paa lilishaanguka lote isipokuwa la chumba kimoja cha nyuma. Humo, hata masika ipige vipi, tone haliingii.

Na mtu haingii pia. Kwetu pale palikuwa mzimuni. Watu walipeleka ubani, mayai, kitambaa chekundu, wakaweka mlangoni na kuondoka bila kugeuka. Kilichowekwa pale kimeshakuwa cha wenyewe, hukigusi. Tulikuwa na mwizi wetu wa kuku, kijiji kizima kinamjua, lakini mayai ya pale aliyapita kama hayaoni.

Sasa kisa chenyewe.

Kaka yangu Rajabu alifariki kwa homa, akaacha mke na watoto wawili. Mkewe, wifi yangu Zena, alikuwa Mkwere wa Kiwangwa. Akakaa eda nyumbani kwetu mpaka ikaisha. Ndipo mama yangu mzazi akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba sasa arudi kwa kaka zake, na watoto wabaki kwa kuwa ni wa ukoo wetu.

Msimtukane mama yangu kwenye comment, nitawafuata mmoja mmoja. Mwaka ule nguruwe walikuwa wamemaliza mihogo shambani, chakula hakikutosha. Na ndiyo ilikuwa desturi, mwanamke akifiwa anarudi kwao.

Lakini yule mtoto mdogo hata ziwa hajaacha vizuri. Mimi ilinikata maini. Kuna watu mawifi zao ni shubiri, wangu alikuwa ndugu yangu.

Wifi hakulia. Alisema, "Mama, nikijilisha mimi na wanangu, bado nitaondoka?"

Mama akajibu, "Sikufukuzi, mwanangu. Ukiweza kujilisha mpaka mavuno, kaa."

Basi akaanza kupika chumvi. Vijana hamjui, chumvi ilikuwa inapikwa. Unakwangua udongo wa chumvi kule nyuma ya mikoko, unautia kwenye kikapu, unaumwagia maji, na yale yanayochuruzika unayachemsha kwenye debe mpaka yakauke. Kuni, moshi, macho mekundu.

Wanawake wengi walipika kiangazi na kuuza papo hapo kwa bei ya kutupa. Wifi akasema yeye atangoja masika. Udongo ukishaloa hakuna anayepika, na wachuuzi wa baiskeli wanaopeleka bara watamtafuta wenyewe.

Akili hiyo. Shida ni kwamba chumvi na mvua hazikai pamoja, na nyumba yetu ilivuja kila pembe.

Mvua za kwanza zilipoanza, namwona kajitwisha kanda la ukindu lililojaa chumvi anaelekea bomani.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Mahali pakavu."

"Kule kuna mashetani."

"Mashetani yenu ya pwani hayanijui. Sisi Kiwangwa tuna yetu," akasema, akacheka. "Tena ndiyo pazuri, mwizi haji."

Nikambebea kanda la pili. Ayatul Kursiy niliisoma njia nzima na kila nikifika katikati naikosea. Yeye alipiga hodi pale mlangoni, akasubiri kidogo kama unavyosubiri kwa jirani, tukaingia. Ndani pakavu, pananuka popo. Sikuona pembe wala mkia.

Masika ikapiga, chumvi ikaadimika, na ya wifi imekaa salama. Nikajua tumeshinda.

Thubutu.

Hakununua mtu. Wachuuzi waliteremka kwenye baiskeli, wakauliza chumvi ililala wapi, wakapanda tena wakaenda zao. Si nimewaambia kilichowekwa pale ni cha wenyewe? Desturi iliyomkimbiza mwizi ndiyo hiyo hiyo iliyomkimbiza mnunuzi, na sisi wawili tuliojiona werevu hatukuwaza hilo.

Mama alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akatuma salamu Kiwangwa, kaka yake wifi aje amchukue. "Miaka yote nimekataza watu wa nyumba hii wasikanyage pale," alisema. Mimi nikadhani ni hasira tu.

Wifi akaenda kwa mwalimu wa madrasa. Nilikuwa naye. Akamwuliza, "Mwalimu, wale wa bomani, wa wakati wa vita, kuna aliyewahi kuwasomea?"

Mwalimu akasema hajapata kusikia.

"Basi tuwasomee hitima. Labda pale hakuna mashetani, kuna watu waliosahauliwa."

Mwalimu akapita nyumba za wazee kuuliza majina ya kuombea. Kwetu alimkuta mama anapepeta mchele. Alipomwuliza, mama akaacha kupepeta. Kisha akasema, "Shomari bin Juma."

Wakuu, hilo ni jina la baba yake. Nimekua mpaka kuwa mwari sijalisikia likitoka kinywani mwake.

Akatueleza palepale, ungo mapajani. Yeye akiwa mdogo, askari waliwakusanya wanaume wa kijiji wabebe mawe ya kujengea lile boma, halafu wakawapeleka bara na mizigo ya vita. Mara ya mwisho alimwona baba yake amesimama kwenye ule mlango. Hakurudi, na maiti haikuonekana. Bibi alikataa hitima, kwamba kumsomea ni kusema amekufa. Bibi alipofariki, mama naye akashika palepale.

"Sasa mimi ni mtu mzima kuliko yeye," akasema. "Msomeeni."

Hitima ikasomwa bomani, mikeka imetandikwa ndani ya chumba kile. Wazee wengine nao walitaja watu wao, majina yakafuatana. Sisi wanawake tulikuwa nje na masufuria, kila nyumba imechangia ilichonacho, wali na mchuzi wa samaki.

Mpishi akauliza chumvi iko wapi. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Wifi akalisogeza kanda lake karibu na jiko, akarudi nyuma. Hakuna mkono ulionyooka.

Na kaka yake alishafika, kaegemeza baiskeli ukutani, anasubiri kumchukua dada yake.

Mama akainuka. Akachota chumvi kwa kiganja, akatia kwenye mchuzi, akakoroga, akaonja. Akaongeza kidogo. Halafu akatutazama wote, akasema, "Ilikuwa imewekwa kwa baba yangu. Asiyeitaka ale wali mkavu."

Hakuna aliyekula mkavu.

Kaka yake wifi alirudi Kiwangwa siku ileile. Kwenye keria hakupanda dada, lilifungwa kanda la chumvi akatuuzie huko. Wachuuzi wakaja kumalizia makanda yaliyobaki, na mama hakutaja tena habari ya mtu kurudi kwao. Uzeeni ni wifi Zena aliyemuuguza, maana mimi nilishaolewa Pangani.

Nilichojifunza? Tuliogopa pale miaka mingi, kumbe waliokuwa pale ni wa kwetu. Hofu nyingine ni msiba ambao haujapata kuliliwa.

Sasa zamu yenu, na sitaki jini wala dhahabu ya Mreno. Kama kwenu kuna mtu aliyechukuliwa na vita ile asirudi, andika jina lake hapo chini. Kila jina nitalisomea Fatiha, miwani ninayo.

La kwanza naweka mwenyewe. Shomari bin Juma.