Katoni ya Mabango

Mfunga mizigo wa ghala letu hapa Dengfeng, Guangzhou, hafungi kamba kama wenzake. Anatumia fundo la tanzi alilokuwa akinasia kanga kwao Endamasi, lile linalojikaza kadiri unavyolivuta, na akimaliza hulipapasa kwa kidole gumba huku akipiga mluzi mwembamba wa kuitia ndege. Mluzi huo tunausikia kutwa.

Jana alifungua katoni yangu kukagua mabango ya bati niliyoagizwa na mteja. Akasoma polepole: "Shamba binafsi, Endamasi. Marufuku kuwinda." Mluzi ukakatika.

"Dada Dalila, haya yatapigiliwa lini?"

"Kontena likifika tu. Sheria ndogo ya kijiji inasema pasipo na bango mwindaji anapita. Likishawekwa, mpaka mwenye shamba amwandikie ruhusa. Akikutwa bila karatasi, anakamatwa."

Akayarudisha moja moja, maandishi yakitazama chini, akaifunga katoni kwa fundo lake na kuvuta mpaka kamba ikazama kwenye boksi.

"Mzee wangu bado anawinda huko," akasema. "Na hajui kusoma."