Mkono Uliokuwa Mfukoni

Siku ya tatu hii, fundi wa nakshi za milango alikuwa dukani kwa Abdulhussein, Bondeni, akichagua kompyuta ya kuchongea maua yake kwenye skrini. Kila kasha aliligonga kwa kidole cha kushoto, akalitegea sikio kama ubao wa mvule; mkono wa kulia haukutoka mfukoni mwa kanzu.

“Memori nitilie megabaiti sitini na nne,” alisema. “Lakini kasi ya prosesa yanitia wasiwasi.”

Abdulhussein aliogopa asije akatoka tena bila kununua. “Chukua hii ya kasi, fundi. Mkono ukitikisika kidogo tu, yaonyesha papo hapo.”

Fundi akautoa mkono wa kulia, akauweka mezani. Ulitetemeka mpaka kikombe cha kahawa kikagongagonga kisahani chake.

“Basi nipe ya polepole.”